Maswali mnayoniuliza sana kuhusu ZZ, ua la ndani lenye asili ya kwetu

Meseji zenu nazipata na inshallah najitahidi kumjibu kila mmoja, lakini maswali mengi yanajirudia kwa hiyo nimeona niyaweke yote pahala pamoja. Nimeandika kwa ajili ya nyumba zetu sie, za Unguja na Pemba, maana mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka nchi za baridi, mtu akiyafuata hapa kama yalivo ua linamfia halafu anabaki kusema maua hayamtaki. Si kweli, kila mtu anaweza kulea ZZ.

Hili ZZ ni ua gani hasa, na kweli asili yake Zanzibar au maneno ya wauzaji?

Ni kweli. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, ndo zikapatikana hizo Z mbili, na linaota lenyewe porini upande wetu huu, Kenya, Tanzania bara na visiwani, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe mpaka KwaZulu-Natal kule Afrika Kusini. Australia wanaliuza kwa jina la Zanzibar Gem. Wataalamu wa Ulaya walishaliandika tangu 1829 na jina la sasa likapatikana 1905, lakini kama ua la biashara ni jipya, ni miaka ya 1990 ndo wakulima wa Uholanzi walipoanza kulizalisha kwa wingi na kulisambaza dunia nzima. Kwa hiyo lile unaloliona limesimama kwenye mapokezi ya hoteli huenda limezaliwa Ulaya kwenye banda la vioo, ila wazee wake ni wa pwani hii. Mie hilo linanigusa sana. Tunanunua maua ya kigeni kwa bei kubwa yanakufa na joto, na hili la kwetu tunalitupa kwa sababu tumelizamisha maji.

Jambo jengine la kujua mapema, maana majibu yote ya chini yanatoka hapa: ZZ ni ukoo mmoja na majimbi. Chini ya udongo lina viazi, na viazi hivo vinaweka maji. Hata hayo mabua manene yanayosimama juu yamejaa maji, karibu asilimia 95 ya bua ni maji, na vijani vyake, yale majani madogo madogo yaliyopangana kwenye bua, asilimia 91. Limeumbwa kwa kustahimili ukame, kule porini likikosa mvua muda mrefu linapukutisha vijani vyote linabaki na viazi chini, mvua ikirudi linachipua upya. Basi ukilichukulia kama mchicha wa kumwagia kila jioni unaliua.

Nitie maji mara ngapi kwa wiki?

Si kwa wiki. Kwa nyumba zetu hizi, ua lililo karibu na dirisha lenye mwanga wa kutosha ni kila baada ya wiki mbili au tatu, lililo kwenye chumba cha giza giza ni mwezi na hata zaidi. Lakini usiifate kalenda kichwa kichwa, fata udongo. Chukua kijiti cha mishkaki, kichomeke taratibu pembeni ya chungu mpaka chini, usikichome katikati utatoboa viazi, kiache dakika chache kisha kitoe. Kikitoka na udongo uliogandana au kina ubaridi, bado, ondoka. Kikitoka kikavu chote mpaka ncha, tia maji.

Na ukitia tia kweli, mpaka yatoke chini kwenye matundu, halafu sahani ya chini uimwage. Wako wanaotia kikombe kimoja kidogo kila siku wakidhani wanalihurumia, hiyo ndo njia mbaya kuliko zote maana juu panakuwa panaonekana pakavu na chini mizizi inakaa kwenye tope siku zote. Na sahani ikibaki na maji ujue unafuga mbu, mbu wanaoeneza dengi wanapenda maji madogo safi kama hayo ya ndani ya nyumba na haifiki wiki mbili washaruka, kwa hiyo kuimwaga ni kwa ajili ya ua na kwa ajili ya watoto wako.

Na masika je? Niendelee hivo hivo?

Hapana, masika ndo msimu wa hatari. Kuanzia Machi mpaka Mei hewa imejaa maji, nguo hazikauki, mkate unaota ukungu, na udongo wa kwenye chungu nao haukauki. Ua lililokuwa linataka maji kila wiki mbili wakati wa kaskazi linaweza kukaa mwezi mzima au mwezi na nusu bila tone. Wa Pemba nyie mvua zenu kubwa kuliko za Unguja, kwa hiyo kuweni wapole zaidi. Halafu naomba jambo moja: mkilitoa ua nje "lipate mvua" msilisahau huko, mvua moja inatosha, usiku lirudi ndani, maana mvua ya siku nne mfululizo kwenye chungu ni sawa na kulizika.

Wakati wa kaskazi, Disemba hadi mapema Machi, jua kali na joto, hapo udongo unakauka upesi na ua lenyewe linakua, hapo ndo pa kulinywesha vizuri. Kipupwe, Juni mpaka Agosti, linapoa kidogo, punguza.

Maji yetu ya kisima yana chumvi, ndo yaliyopo, nitumie?

Swali hili napata sana kutoka kwa watu wa Jambiani, Makunduchi na huko mashamba ya pwani. Jibu ni kwamba unaweza kwa dharura lakini usiyafanye ndo maji yake ya kila siku. Chumvi inabaki kwenye udongo, maji yanakwenda zake yenyewe haiendi, kila ukitia inaongezeka, mpaka unaona ukoko mweupe juu ya udongo na pembeni mwa chungu, na ncha za vijani zinaungua rangi ya kahawia. ZZ linakunywa kidogo sana, dumu moja la lita 20 la maji ya mvua linakutosha muda mrefu. Kinga mvua za masika na za vuli, funika dumu, basi. Kama ukoko ushaingia, lipeleke uwani, limwagie maji matamu mengi yapite chini mara tatu nne kwa mkupuo mmoja, liache lichuje kabisa, kisha usitie tena mpaka likauke.

Maji ya mfereji hayana tabu.

Nakaa Mji Mkongwe, chumba kina kuta nene na dirisha moja dogo, litaishi?

Litaishi, ndo ua la nyumba zile. Kuta za mawe na chokaa zinafanya chumba kiwe baridi na mwanga uwe mchache, na mitaa yenyewe imebanana hata jua haligusi chini, maua mengi hapo yanakata tamaa lakini ZZ linavumilia. Ila nisemeje, kuvumilia si kunawiri. Likikaa gizani miezi linasimama tu halikui, au linatoa mabua marefu membamba yanayoinama kutafuta dirisha. Pazuri zaidi ni kwenye kile kibaraza cha ndani cha dirisha, unene ule wa ukuta unakupa rafu kabisa, au mlangoni mwa uwa wa ndani ambapo mwanga unashuka kutoka juu bila jua lenyewe kuchoma.

Kipimo changu rahisi: kama mchana wa saa sita unaweza kusoma gazeti bila kuwasha taa, ua litaishi. Kama huwezi, basi liweke huko wiki moja kwa mapambo ya shughuli yako kisha lirudishe kwenye mwanga. Wengine wanakuwa nayo mawili wanabadilishana, moja ukumbini moja uwani, kila baada ya wiki mbili tatu yanapokezana zamu, na hii naipenda.

Ligeuze chungu robo duara kila unapotia maji, lisiote upande mmoja.

Vidio nyingi zinasema liweke dirisha la kusini au la kaskazini, sisi lipi?

Usiwafate, wao wako mbali na ikweta na sisi tupo nyuzi sita tu kusini yake, Pemba tano. Kwetu jua linapita karibu juu ya kichwa, mwezi wa Juni linaegemea kaskazini na Disemba linaegemea kusini kidogo, kwa hiyo dirisha lilelile linabadilika na msimu. La kuangalia sana hapa ni mashariki na magharibi. Mashariki pazuri, jua la asubuhi ni la upole. Magharibi jihadharini, jua la kuanzia saa nane mchana mpaka alasiri linapiga moja kwa moja ndani, watu wa maghorofa ya Michenzani wa juu mnalijua hilo, linaacha mabaka meupe yanayogeuka kahawia kwenye vijani na mabaka hayo hayaponi tena. Tia pazia jepesi au lisogeze ndani hatua mbili tatu.

Nimechimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, unafaa?

Peke yake haufai. Kinongo kile kwenye shamba ni kizuri, kinazaa mihogo na ndizi, lakini ukikitia kwenye chungu kinashikana kikawa kigumu na maji hayapiti. Kinamo, ule udongo mzito wa kunata, ndo kabisa usikiguse. ZZ linataka udongo ambao ukiubana mkononi ukiachia unamomonyoka.

Mchanganyiko ninaoupenda kwa vitu vya hapahapa: sehemu mbili za udongo mwepesi au mboji iliyooza vizuri, sehemu moja makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, sehemu moja mchanga wa chenga kubwa, na kiganja kimoja viwili vya makaa yaliyopondwa ukubwa wa punje za mahindi. Kumvi za mpunga nazo zinasaidia kuulegeza. Lakini makumbi naomba muyaangalie yametoka wapi, maana yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yameshiba chumvi ya bahari, inabidi uyaroweke maji matamu siku mbili tatu ukibadilisha maji kila siku. Mchanga wa ufukweni usitumie kabisa, una chumvi na vipande vya makombe, na isitoshe mchanga wa pwani hauchotwi ovyo. Na vile vikokoto vya matumbawe watu wanavyovimwaga juu ya chungu kwa urembo vina chokaa nyingi, vichache juu havina neno, ila usivichanganye kwenye udongo wenyewe.

Chungu gani kizuri? Nina sufuria ya shaba ya bibi nataka kulipandia humo.

Usilipandie humo, litie ndani yake likiwa na chungu chake. Yaani ua lipo kwenye kopo la plastiki lenye matundu, kopo linakaa ndani ya sufuria ya shaba, siku ya kutia maji unalitoa unalinywesha uwani linachuja unalirudisha. Unapata pambo lako na ua linabaki zima.

Kwa kawaida chungu cha udongo ndo bora kwa hali yetu ya hewa maana ukuta wake unapumua na udongo unakauka upesi. Plastiki nayo inafaa ikiwa na matundu, hata kopo la rangi, toboa chini matundu matano sita kwa msumari wa moto. Kisichokuwa na tundu kisikae na ZZ, hata uweke kokoto chini, maji yanakusanyika palepale na mizizi inayafata. Ukubwa usizidishe, chungu kikubwa kuliko mizizi kinabaki na udongo mwingi mbichi usionywewa na mtu. Kiache kibane. Utajua limetaka kuhama ukiona chungu cha plastiki kimevimba pembeni au kimepasuka, viazi vile vina nguvu kweli kweli, hapo mpe chungu kipana kwa vidole viwili tu zaidi ya kile cha zamani.

Majani yanageuka njano, limekufa?

Subiri. Kijani kimoja viwili vya chini kwenye bua la zamani kuwa njano ni uzee tu, vichume. Bua zima likiwa njano, au mabua mawili matatu kwa pamoja, hapo karibu kila mara ni maji mengi. Nasema karibu kila mara maana watu wakiona njano kitu cha kwanza wanachofanya ni kuongeza maji, wakidhani lina kiu, na hapo ndo wanalimaliza. ZZ lenye kiu halianzi na njano, linaanza kunyauka, bua linakuwa na mikunjo na vijani vinalegea na kujikunja kidogo. Ukilitia maji siku mbili tatu linanyooka.

Kwa hiyo kabla ya kufanya chochote chomeka kijiti chako cha mishkaki.

Nimelifukua nimekuta viazi vimeoza na vinanuka. Lina matumaini?

Lina matumaini mkubwa wangu, hata likibaki na kiazi kimoja kigumu. Litoe lote, pukuta udongo wote uutupe usiutumie tena kwa ua jengine, osha mizizi kwa maji. Minya kila kiazi kwa vidole, kigumu ni kizima, kinachobonyea na kutoa maji ni cha kutupa. Kata kwa kisu kikali ulichokipangusa na spiriti, kata mpaka ufike kwenye nyama nyeupe safi isiyo na doa la kahawia. Kisha, na hapa watu wengi wana haraka, liache wazi kwenye gazeti kivulini siku mbili mpaka tatu vidonda vikauke. Halitakufa, nshawaambia lina maji yake mwilini. Panda kwenye mchanganyiko mpya mkavu, chungu kidogo, na maji ya kwanza baada ya wiki moja.

Mabua ambayo yamekatika lakini bado ya kijani usiyatupe, yanaota. Soma swali la chini.

Nazalisha vipi? Nasikia hata jani moja linaota.

Linaota kweli, na ni jambo la raha kuliona. Chuma kijani kizima na kikonyo chake, kiache siku moja kidonda kikauke, kichomeke kwenye mchanga na makumbi sentimita moja hivi, maji kidogo kidogo, kivulini penye mwanga. Baada ya wiki kadhaa kinatoa mizizi na kiazi kidogo chini. Halafu hakifanyi chochote. Miezi inapita kijani kipo vilevile, watu wanakata tamaa wanatupa, na kumbe chini kiazi kinakua, chipukizi la kwanza linaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka. Chomeka vijani kumi kwenye chungu kimoja, usivifukue fukue kuangalia.

Bua zima linakwenda haraka kidogo, unaweza hata kuliweka kwenye gilasi ya maji dirishani, badilisha maji kila baada ya siku tatu nne, mbu nishawataja. Lakini njia ya uhakika na ya haraka kuliko zote ni kugawa, siku unapolihamisha chungu kikubwa utakuta viazi viko makundi makundi, yatenganishe taratibu kwa mkono kila kundi na mabua yake, siku hiyohiyo una maua mawili au matatu, moja la kwako moja la jirani.

Msiende kuyang'oa porini. Misitu tuliyobakiwa nayo, Jozani, Ngezi, ni ya hifadhi na ni michache, na ua linazalika kwa jani moja, hakuna sababu.

Nikilikata kichwa litatoa matawi lijae?

Halitoi. Kile unachokiona kama tawi lenye majani mengi kwa hesabu ya wataalamu ni jani moja tu, hivo vijani vidogo ni sehemu zake, na jani halitoi tawi. Ukikata kichwa linabaki limekatwa maisha. Ukitaka lijae, lipe mwanga zaidi na mabua mapya yatatoka chini, au panda makundi mawili chungu kimoja. Bua lililochoka likate chini kabisa karibu na udongo.

Lina sumu? Nina mtoto anatambaa na paka wawili. Na kuna meseji inazunguka inasema linaleta saratani.

Hiyo ya saratani haina ukweli, naomba msiisambaze. Sumu yake ni ya aina ileile ya majimbi mabichi, ni vijiwe vidogo sana vyenye ncha kali vinavyoitwa kalisiamu oksaleti, vinachoma mdomo, ulimi na koo. Majimbi tunayapika mpaka yaive vizuri ndo tunakula, ZZ haliliwi hata likipikwa. Mtoto akitafuna kijani mdomo utamwasha, atatoa udenda, huenda akatapika, msafishe mdomo kwa maji mpe maji au maziwa anywe, na akivimba au kupumua kwa shida mpeleke hospitali hapohapo bila kungoja. Paka hivohivo, wengi wakionja mara moja hawarudii. Liweke juu asipolifikia mtoto, na wewe ukikata mabua osha mikono kabla ya kujigusa macho, maana utomvu wake unawasha wengine, mwenye ngozi laini avae glavu.

Mama anasema ua lisilale chumbani, usiku linamaliza hewa.

Mwambie mama kwa heshima kwamba hewa linayoivuta usiku ni kidogo mno, mtu mmoja aliyelala chumba hichohicho anatumia nyingi kuliko ua. Na ZZ lina maajabu yake, likikaa kavu linaweza kuvuta hewa ya ukaa usiku badala ya mchana, ili mchana vitundu vya majani vikae vimefungwa na maji yasipotee, watafiti walilionesha hilo 2007. Ndo sababu nyengine ya kustahimili kiu.

Upande wa pili nao niuseme, hayo matangazo kwamba ua moja linasafisha hewa ya nyumba nzima yametiwa chumvi. Yametokana na utafiti wa NASA wa 1989 uliofanyika ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa, nyumba yako si kisanduku, ukifungua dirisha upepo wa bahari unafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Lipende kwa uzuri wake, unatosha.

AC inaliua? Na feni?

Feni halina neno. AC pia linavumilia, ila lisikae pale upepo wa baridi unapopiga moja kwa moja. Kinachoumiza zaidi ni ule upepo wa chumvi kwa wenye roshani zinazotazama bahari, vijani vinapata utando, vipanguse kwa maji matamu kila baada ya wiki mbili. Na chetezo cha udi kisifukizwe chini yake, moshi hauna tabu kubwa ila joto la makaa linachoma vijani vya chini.

Napaka mafuta ya nazi majani yang'are, sawa?

Acha kabisa. Mafuta yanaziba vitundu vya kupumulia na yanashika vumbi, baada ya wiki ua lina utando wa nata nata. ZZ linang'ara lenyewe, chukua kitambaa laini kilicholowa maji, shika kijani kwa chini kwa mkono mmoja na upanguse kwa mwengine. Basi.

Mbolea?

Kidogo, na kwa msimu wa joto tu, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Samadi ya ng'ombe iliyooza mwaka mzima kiganja kimoja juu ya udongo inatosha, ya kuku ni kali muwe makini, mbichi inaunguza. Ya dukani ya maji, tia nusu ya kipimo kilichoandikwa. Wenye kutumia mwani, uosheni kwanza mpaka chumvi iishe.

Kuna vidudu vyeupe vyenye unga unga kwenye makwapa ya vijani na chungu, yaani sisimizi, wanapanda kwenye ua.

Hao wawili wanakwenda pamoja, vile vyeupe vinafyonza utomvu na kutoa maji matamu, chungu wanayafata na wanavilinda. Ukiua chungu tu hujafanya kitu. Pamba iliyochovywa spiriti, gusa kidudu kimoja kimoja, kisha siku ya pili osha ua lote kwa maji yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, rudia kila wiki kwa mwezi mmoja maana mayai hayafi mara moja. Litenge na wenzake. Vile vijidudu vyeusi vinavyoruka juu ya udongo ni dalili kwamba udongo umekaa mbichi muda mrefu, punguza maji vitaondoka vyenyewe.

Limetoa kitu chini kama kigunzi kidogo cha hindi, ni ugonjwa?

Hapana, hongera, limetoa ua lake. Halina harufu wala uzuri mkubwa, liache mpaka linyauke.

Nasafiri naenda Muscat miezi miwili, nani atalitazama?

Hakuna haja ya mtu. Linyweshe vizuri siku mbili kabla ya safari, lisogeze mbali na dirisha lenye jua, funga mlango nenda. Kama una jirani mwenye huruma mwambie kabisa asiliguse, maua mengi yameuliwa na majirani wema. Ukirudi utalikuta, pengine na vumbi.

Nataka kumpelekea dada Wete kwa boti, litafika?

Litafika. Usilitie maji wiki ya safari, chungu kikavu ni chepesi na udongo haumwagiki. Funga mabua kwa kitambaa laini yasivunjike, funika juu ya udongo kwa gazeti na ulizungushie kamba, na likae ndani, sio kule nje linakopigwa na maji ya bahari. Kama linatoka bara kuja visiwani ulizia kwanza kwa watu wa karantini ya mimea bandarini, ni kwa faida yetu, wadudu na magonjwa ya mashamba yanaingia kwa njia hizohizo.

Lile jeusi ni la rangi ya kupaka?

Si rangi, ni aina yake. Bua likichipua linakuwa kijani kabisa halafu linaiva kuwa jeusi kidogo kidogo. Malezi ni yaleyale, ila linataka mwanga zaidi kidogo na linakua polepole zaidi.

Naweza kulipanda nje ardhini?

Unaweza, hii ndo hali yake ya hewa. Kivulini tu, chini ya muembe au mfenesi pazuri, na pahala pasipotuama maji. Penye uwanda wa mawe mawe linakubali maana maji yanapita upesi, penye kinongo inua tuta kwanza kiasi cha shibiri moja, na Pemba inua zaidi ya hapo.